Maneno ya Kaa

Simu ilikuwa ndani ya kopo la maziwa, na kopo lilikuwa limefungwa kwa waya juu ya nguzo ya uzio, maana pale tu ndipo mtandao ulipofika. Leinasei aliketi chini yake tangu jua lilipozama, khanga begani, miguu ndani ya majivu laini yaliyodondoka mchana kutoka mlimani. Radi ilikuwa ikimulika mbali baharini, na kila ilipomulika alidhani kopo limewaka.

"Mama Kalo," Masing alimwita kutoka mlangoni. "Njoo ndani. Hiyo simu ikilia, hata marehemu baba ataisikia huko aliko."

"Nalala hapa hapa."

"Na haya majivu?"

"Majivu nimeyazoea."

Masing alisimama kidogo, akaingia ndani, akarudi na turubai. Akamfunika mkewe mabegani kama anavyofunikwa mgonjwa, kisha akaenda zake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na usiku ule hata hayo machache yalimwishia.

Upande wa kaskazini wa kisiwa, nyuma ya mlima wa moto, Lonet alikuwa katika uchungu wa kuzaa. Habari ililetwa mchana na mtu wa boti: chupa imepasuka tangu asubuhi, wanawake wako naye, muuguzi ameitwa. Basi. Lonet alikuwa binti pekee wa Leinasei, wa kumzaa mwenyewe, lakini kisiwa kizima cha Ambrym hakuna aliyewahi kumwita Leinasei mama Lonet. Aliitwa mama Kalo, kwa jina la mwanawe wa kwanza aliyekuwa mjini Vila akibeba mizigo bandarini. Mama Lonet alikuwa mtu mwingine. Alikuwa Merelin, dada yake Masing.

Ilitokea hivi. Mwaka ule mlima ulitema majivu wiki baada ya wiki, na mvua ikinyesha inashuka chungu, inaunguza majani ya majimbi yakawa kama karatasi iliyopitiwa na moto. Maji ya tangi yakawa na ladha ya kutu. Lonet alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea. Tumbo likamvimba, nywele zikawa nyekundu, akawa halii tena kwa sauti, anafungua mdomo tu. Merelin alikuwa ameolewa kaskazini, ambako upepo haukupeleka majivu, na hakuwa na mtoto. Akaja na nguruwe na mikeka mirefu iliyotiwa rangi. Watu wakakaa, wakala laplap, viazi vikuu vya kuazima vilivyokunwa na kuokwa ndani ya majani, Masing akasema ndiyo. Leinasei naye akasema ndiyo. Hilo ndilo alilolikumbuka kila siku ya maisha yake: hakuna aliyemlazimisha.

Desturi inasema aliyetoa mtoto asikanyage kule mpaka mtoto asahau titi. Lonet alisahau titi. Leinasei hakwenda. Mara nauli ya boti, mara shamba, mara Kalo ana homa, mara huyu mdogo wake kavunjika mkono. Sababu zote zilikuwa za kweli, lakini chini ya sababu hizo kulikuwa na woga tu, kwamba atafika, na mtoto atamtazama kama anavyotazamwa mchuuzi wa samaki.

Walionana kwenye msiba wa baba yake Masing. Lonet alikuwa keshakuwa msichana wa kutumwa maji, shingo ndefu, magoti ya Leinasei yenyewe. Leinasei alimsemesha kwa Kibislama, lugha ya kuelewana ya visiwa vyote, maana lugha ya kaskazini hakuijua, na lugha yake yeye, Lonet alikuwa ameisahau pamoja na titi.

"Umekua."

"Ndiyo, anti."

"Umekula?"

"Ndiyo, anti."

Kisha Lonet akamgeukia Merelin, akasema jambo kwa lugha yao, na wote wawili wakacheka mpaka msichana akashika nguzo asianguke. Leinasei akacheka nao, bila kujua wanacheka nini. Usiku alilala macho wazi. Huyo mtoto alikuwa na kicheko, kumbe. Alikuwa na maskhara yake, na hasira zake, na ndoto za kuota, na vyote hivyo vimewekwa ndani ya nyumba ambayo mama yake hana pa kuingilia.

Pale kijijini alikuwepo mwanamke wa kaskazini aliyeolewa kwao, Elsina, msusi wa mikeka, mdomo wake mkali kama kisu cha kuchania majani ya mkadi. Leinasei alimwendea.

"Nifundishe lugha ya kwenu."

"Ili iweje? Kibislama hukijui?"

"Kibislama ni cha kuulizia bei ya mchele."

Elsina alicheka, akasogeza majani yake. "Kwa umri huu, mama Kalo? Ulimi wako umeshakuwa kwato."

"Nifundishe hivyo hivyo. Maji mnaitaje? Moto mnaitaje?"

"Aa, hapana. Ondoka na hayo mambo ya shule. Neno moja moja linapotea kama sindano kwenye nyasi. Kwetu mtoto hapewi maneno, anapewa hadithi. Maneno yanakuja yameshikana mikono. Kaa hapo, shika jani, suka. Na mimi nikinyamaza, wewe itika *eo*."

"Eo ndiyo nini?"

"Ndiyo kwamba uko hapo. Usipoitika nakoma, hata nikiwa katikati ya neno. Hadithi haimwagwi chini. Na ikiisha, msimulizi hanyanyuki mpaka apate eo ya mwisho. Marehemu bibi yangu tulimkomoa siku moja, tukakaa kimya tukimchekea kwenye viganja, akakaa pale mpaka chungu kikaungua."

Hadithi ilikuwa ya kaa, yule mkubwa apandaye minazi. Elsina aliisema kipande kwa kipande, mstari mmoja wa mkeka kipande kimoja, na vidole vyake vikawa ndivyo kaa, vinatembea juu ya ukili. Kaa mama anashuka kutoka msituni, amebeba mzigo wa mayai chini ya tumbo. Ndege anamuuliza, unakwenda wapi? Nakwenda majini. Mtoto wake mdogo anatoka chini ya jiwe, anamfuata, anamwita. Wimbi linakuja, mtoto anaogopa wimbi, anashika gando la mama. Mama anaachia gando, anaingia majini, hageuki. Ndege anamuuliza mtoto, je, atarudi? Mtoto hajibu. Anaokota kombe tupu la konokono wa pwani, anaingia ndani yake, anapanda nalo mlimani. Hiyo ndiyo nyumba yake mpaka leo.

Leinasei alirudia kila kipande kabla hajapewa kingine. Alikosea, akachekwa. "Kaa wako huyo anapanda wakati anatakiwa kushuka! Mrudishe, mrudishe, atafika kanisani!" Akaisemea majimbi shambani. Akaisema akikamua nazi, akiosha vyombo, akienda kuokota kuni, hata Masing akaanza kumwangalia kwa pembe ya jicho. Maneno ambayo mwanzo yalikuwa kelele yakaanza kuwa na sura: hili ni jiwe, hili ni kushuka, hili ni kuogopa. Kisha siku moja alimsikia Elsina akigombana na dada yake kwenye simu, na katikati ya ugomvi akalitambua neno la kuachia. Moyo ulimruka kama mtu aliyeona sura ya ndugu sokoni.

"Najua kusema sasa," alimwambia.

"Hujui," Elsina alijibu. "Unaimba kama kasuku. Siku mtu atakapokukatiza, akakuuliza ikawaje, ukamjibu kwa maneno ambayo mimi sikukupa, siku hiyo njoo uniambie unajua."

Leinasei alingoja nafasi, na nafasi ikaja na harusi. Lonet aliolewa kijiji cha jirani na kwa Merelin, na wanawake wa upande wa bibi harusi hupewa zamu ya kusema mbele ya watu, kila mmoja na mkeka wake. Leinasei hakumwambia mtu. Alipofikiwa alisimama, ndani ya gauni jipya la mikono mipana, akafungua mdomo na kuanza hadithi kama alivyoipokea, kuanzia neno la kwanza kabisa.

"Nimeketi Lonbul, kwenye jiwe la baba yangu."

Uwanja mzima ukanyamaza. Leinasei alidhani wamestaajabu. Akamtafuta Lonet kwa macho, akatabasamu, akarudia kwa sauti zaidi, kwa kuwa hakuna aliyeitika. "Nimeketi Lonbul, kwenye jiwe la baba yangu."

Mzee Obet, baba mkubwa wa bwana harusi, akanyanyuka na fimbo yake.

"Nani kamleta mtu wa Lonbul aje kuketi kwenye uwanja wetu? Kesi yao ya ardhi hatujaimaliza, leo wanaleta jiwe lao harusini?"

"Huyo si wa Lonbul," mtu mmoja alisema. "Huyo ni wa kule kwenye majivu. Na kwao hasa ni kisiwa cha Tongoa."

"Basi amelipata wapi jiwe la Lonbul? Ameliiba?"

Wengine wakacheka, wengine wakaanza kupiga kelele. Kaskazini, kila hadithi ina wenyewe, na anayeisimulia huanza kwa kutaja mahali pa ukoo wake, ili msikilizaji ajue anasema kwa haki ya nani. Elsina alipofundisha alianza kama alivyoanza maisha yake yote, kwa jiwe la baba yake, na Leinasei akaimeza hadithi nzima, mwiba na nyama. Mbele ya watu wote alikuwa amechukua hadithi isiyo yake na ukoo usio wake, na ukoo wenyewe ni ule ule uliokuwa ukigombania ardhi na wakwe wa binti yake.

Masing alilipa nguruwe siku ile ile ili harusi iendelee. Lonet alikuja nyuma ya nyumba ya kupikia, ambako Leinasei alikuwa ameketi juu ya gogo, mkeka bado mkononi. Kope za Lonet zilikuwa zimelowa. Alisema kwa Kibislama, polepole, kama mtu anayesema na mzungu.

"Anti, nani alikutuma useme?"

"Nilitaka—"

"Miaka yote hukusema. Leo ndiyo ukasema?"

Akarudi kwa watu wake. Na Elsina, aliposimuliwa, aliacha kusuka, akajipiga paja. "Mama Kalo! Sikukufunza ukasimulie, nilikufunza ujue kusema! Nani anakwenda harusini na jiwe la mwenzake?" Halafu akaona uso wa Leinasei, akampa kitambaa cha kujifutia.

Tangu harusi ile Lonet hakupokea simu ya Leinasei hata mara moja. Ndiyo maana usiku huu simu iliyongojwa ilikuwa ya Merelin.

Ililia alfajiri. Leinasei aliichomoa kwenye kopo, ikamponyoka, akaiokota kwenye majivu.

"Wifi," sauti ya Merelin ilisema, na baada ya hapo ikakatika, akajua kabla hajaambiwa. "Wifi, mtoto hakukaa. Alikuwa wa kike. Hakulia."

"Na Lonet?"

"Yupo. Mzima. Amekaa tu. Njooni."

Leinasei alitaka kuuliza, Lonet amesema niitwe? Hakuuliza. Alikwenda kumwamsha Masing.

Elsina alikuwa pwani kabla ya boti kuondoka. Haikujulikana nani alimwambia. Alimtia Leinasei mkeka mikononi, mzuri, uliokuwa wa kuuza, mwekundu na mweupe.

"Hadithi yangu usiipeleke," alisema.

"Siipeleki."

"Lakini maneno yachukue. Maneno si ya Lonbul." Akamshika shavu kwa kiganja chake kigumu. "Haya. Nenda, kwato."

Boti ilizunguka kisiwa upande wa mashariki, mawimbi yakiwatia maji magotini. Masing alikinga mkeka kwa turubai. Walipofika, yeye alienda walikoketi wanaume, na Leinasei akapanda peke yake njia ya nyumba ya Lonet.

Kule kaskazini, mama aliyefiwa na kichanga hukaa ndani mlango umefungwa mpaka siku ya tano. Wanawake huja mmoja mmoja au wawili wawili, hulia nje, na anayelia nje hufunguliwa mlango aingie akalie ndani, amshike yule mama, atoke. Leinasei alimkuta mbele yake mwanamke mzee, pengine shangazi wa mume, analia kwa sauti ya kuimba. Komeo likavutwa, akaingia, likarudishwa. Baadaye wakaja wasichana wawili wa rika la Lonet. Wakafunguliwa. Akaja mke wa mwalimu. Akafunguliwa.

Leinasei akasogea akalia. Hakuhitaji kutafuta kilio, kilikuwa kimejaa tangu alfajiri. Alilia kwa lugha ya Tongoa, lugha ya mama yake, maana kilio hakijui lugha nyingine. Akalia mpaka koo likakauka. Komeo halikuvutwa.

Mlango ulipofunguka ilikuwa ni Merelin anatoka, na akaufunga nyuma yake haraka. Alikuwa amezeeka. Mawifi wawili wakakumbatiana, mkeka ukiwa katikati yao.

"Ataupokea mkeka," Merelin alisema.

"Na mimi?"

Merelin aliangalia chini. "Anasema si sasa."

"Si sasa, au si mimi?"

"Wifi, usiniulize hilo. Mimi nimesimama katikati tangu ulipomweka mikononi mwangu. Ukimuuliza mtu aliyesimama katikati, atakudanganya." Akajifuta macho kwa mkono wa gauni. "Hajala. Anakiangalia tu kile kikapu tulichomsukia mtoto. Nimemwimbia, nimemgombeza, hanijibu hata mimi. Nenda ukapumzike nyumbani kwangu, kuna laplap imefunikwa."

Akaingia tena na mkeka. Komeo likarudi.

Leinasei hakwenda kupumzika. Aliketi chini, ubavu wake ukigusa ukuta wa mianzi karibu na mlango, mahali ambapo mtu wa ndani angesikia hata pumzi. Wanawake waliokuwa chini ya mshelisheli wakanong'onezana. Mmoja akasema, "Yule si yule wa jiwe?" Mwenzake akamkanyaga mguu.

Alikaa mpaka minong'ono ikaisha. Kisha akaanza, kwa lugha ya kaskazini.

"Nimeketi nje ya mlango," alisema. "Sina jiwe."

Hakuna aliyeitika. Hadithi isiyoitikiwa inakomea pale ilipo. Hilo alilijua vizuri, mkono wake ulikuwa umechapwa na jani la mkadi mara nyingi kwa kusahau kuitika. Akangoja. Kuku alipita akidonoa. Leinasei aliinamisha kichwa, akijiambia atahesabu pumzi zake kidogo halafu aondoke.

"Eo," ilisema sauti ya ndani.

Ilikuwa ya Merelin. Merelin, ambaye angeweza kunyamaza tu na kila kitu kikaishia hapo, akabaki na binti yake bila mtu wa kumdai. Ilikuwa nzito, kama mtu anayenyanyua gunia, lakini aliitoa.

Leinasei akaendelea. Maneno yake karibu yote yalikuwa ya kaa, na machache aliyookota kwa Elsina wakisuka. Hakujua neno la kijiji, wala la ndoa, wala la kuchagua. Alijua mama, mtoto, jiwe, maji, kupanda, kushuka, kubeba, kuachia, kuogopa, kombe, mlima. Hakuwa na neno la aibu, kwa sababu kaa hana aibu. Alichukua hayo hayo akayasukia kitu kingine.

"Kulikuwa na mama. Nyumba yake ni mlimani."

"Eo."

"Mlima ukaanguka. Ukaanguka juu ya maji. Ukaanguka juu ya chakula. Mtoto ni mdogo. Tumbo la mtoto ni kubwa, mkono wa mtoto ni mwembamba."

"Eo."

"Akaja mama mwingine. Nyumba yake, mlima haukuanguka. Mama mwingine hana mtoto. Mama mwingine ni mzuri."

Hapo eo ilichelewa, na ilipokuja ilikuwa imelowa machozi.

"Mama akabeba mtoto. Akashuka naye majini. Mtoto akashika gando la mama. Mtoto ana nguvu. Mama akaachia gando."

"Eo," Merelin alisema, kwa shida.

"Mtoto akaita. Mama akasikia. Alisikia. Akapanda mlimani, hakugeuka. Mtoto akapata kombe. Kombe ni zuri. Mtoto akakua ndani ya kombe. Na mama anaketi."

Huo ndio ulikuwa mwisho wa maneno aliyokuwa nayo. Akanyamaza, akangoja eo ya mwisho, ile inayomruhusu msimulizi kunyanyuka. Haikuja. Alimsikia Merelin akivuta pumzi, akajua kwamba huyu angeweza kuitika, na amekataa makusudi. Alikuwa amesogea pembeni. Ile ya mwisho hakuitaka iwe yake.

Jua likapita juu ya paa, kivuli cha ukuta kikamfikia Leinasei magotini. Wanawake wa chini ya mshelisheli walijifanya wanachambua majani ya mboga. Miguu ilimfa ganzi. Ndani kitu kikakwaruza sakafu, kama mtu anayejivuta kwenye mkeka bila kusimama, kikaja mpaka kwenye ukuta, kikatua upande wa pili wa mianzi. Leinasei alisikia pumzi. Zilikuwa pumzi za mtu aliyelia mpaka pua ikaziba.

"Ikawaje?"

Sauti ilikuwa ya Lonet, na lugha ilikuwa ya kwao, si Kibislama. Haikuwa laini. Ilikuwa sauti ya mtu anayeuliza kwa mara ya mwisho.

"Huyo mama," Lonet alisema. "Alirudi?"

Neno hilo Leinasei alilijua. Lilikuwa la yule ndege, aliyemuuliza mtoto wa kaa swali lisilojibiwa. Elsina hakumpa jibu lake, kwa kuwa hadithi ya Lonbul haina jibu. Mtoto hunyamaza, huokota kombe, hupanda. Ilibidi atengeneze mwenyewe. Na maneno yaliyokuwa rahisi kutengeneza yalikuwa mengi. Angeweza kusema mama alikuwa njiani. Angeweza kusema maji yalikuwa mengi, wimbi lilikuwa kubwa. Wimbi alikuwa nalo, kubwa alikuwa nalo.

"Hakurudi," alisema.

Akageuza uso kuuelekea ukuta.

"Aliogopa. Si wimbi. Alimwogopa mtoto." Akatafuta, akakosa, akasema lile lile tena kwa kuwa ndilo alilokuwa nalo. "Hakurudi. Mtoto aliita, hakurudi."

Upande wa pili wa mianzi kilianza kilio. Hakikuwa cha kuimba kama cha wanawake wanaokuja mlangoni. Kilikuwa cha chini, cha kukatika katika, kama mtoto aliyelia peke yake kitambo na sasa hana tena wa kumsikilizisha. Kililia kichanga kisicholia, kikalia na kingine cha zamani zaidi. Leinasei aliweka kiganja kwenye mianzi pale kilio kilipotokea. Mianzi ilikuwa na joto la jua. Hapakuwa na chochote katika maneno ya kaa ambacho kingefaa.

Kilio kikapungua. Kikawa pumzi tu.

"Eo," Lonet alisema.

Ilikuwa ndogo sana, ila ilikuwa nzima, na wanawake wa chini ya mti waliisikia, kwa maana mikono yao ilisimama juu ya mboga. Hadithi ilikuwa imepokewa. Na hadithi iliyopokewa imekwisha, na iliyokwisha, msimulizi wake hunyanyuka akaenda. Leinasei aliyajua yote mawili kwa mara moja, akakaa bado kidogo, akiangalia komeo kupitia upenyo wa mbao, kipande cha mti kilichong'aa kwa kushikwa na mikono mingi.

Halikusogea.

Aliinuka kwa kushika ukuta, mguu mmoja kwanza, kisha wa pili. Akakung'uta gauni. Ndani, karibu kabisa na mlango, mtu alikuwa akitandika mkeka mpya aliouleta sakafuni, na majani yake makavu yalikuwa yakilia chini ya mkono uliokuwa ukiyalainisha. Mlango ulibaki umefungwa.